Miguu yangu imeacha kuwaka moto: je, bado nahitaji kupimwa mishipa ya fahamu?

SWALI

Ndugu Mshauri, salaam.

Mimi ni mama wa miaka 54, mkazi wa Kirumba hapa Mwanza, na kwa muda mrefu nimejipatia riziki kwa kununua dagaa mwaloni, kuwaanika na kuwauza kwa magunia kwa wafanyabiashara wanaowapeleka mikoa mingine. Miaka saba iliyopita niligundulika kuwa na kisukari, nikaanzishiwa vidonge vya metfomini ambavyo natumia hadi leo, asubuhi na jioni.

Miaka mitatu hivi iliyopita nilianza kusumbuliwa na miguu. Vidole na nyayo vilikuwa vikiwaka moto na kuchomachoma, hasa usiku, kiasi kwamba hata shuka ikinigusa nilikuwa naitupa pembeni na kushuka kitandani kuikanyaga sakafu ya saruji ili nipate ubaridi. Shemeji yangu alinipeleka kwa mtaalamu wa mitishamba, ambaye alisema nimekanyaga kitu nilichotegewa, akanipa dawa ya kuogea miguu kwa maji ya moto. Moto ule ulipungua kidogo kidogo, na mwaka jana ukaisha kabisa. Nilimshukuru Mungu, nikajihesabu kuwa nimepona.

Lililonitia wasiwasi sasa ni hili. Alhamisi iliyopita nilirudi kutoka mwaloni jioni, nikavua ndala, na mjukuu wangu akaniuliza kwa nini ndala ina damu. Tulipoigeuza tukakuta msumari umepenya soli na kuingia kwenye wayo, chini ya kidole gumba. Nilikuwa nimetembea nao kutwa nzima na sikusikia kitu. Tangu siku hiyo naosha kidonda kwa maji ya chumvi, wala hakiumi, ingawa pembeni pameanza kuvimba.

Binti yangu anasisitiza nikapimwe mishipa ya fahamu. Mimi nilimwambia kwamba nimekwisha kupimwa, kwa sababu hivi karibuni walipita mtaani kwetu watu wenye mashine ya kupima mwili mzima: unashika chuma mkononi, kisha kompyuta inatoa majibu. Waliniambia mishipa yangu ya fahamu imeziba kwa asilimia 40, wakaniuzia virutubisho vya shilingi 280,000, na sasa wananipigia simu ninunue dozi ya pili. Kliniki ninakohudhuria, kwa upande wao, hunitoboa kidole, hunipima presha na kunipa dawa, lakini hawajawahi kuniambia nivue viatu, na mimi nimekuwa nikiamini kwamba kungekuwa na shida ya miguu wangeniambia.

Naomba unisaidie. Kipimo cha kweli cha mishipa ya fahamu kikoje, na je, kinauma? Mtu ambaye haumwi miguu ana haja gani ya kupimwa? Dozi ya pili niinunue? Kizunguzungu ninachopata nikiinuka kitandani alfajiri kina uhusiano na haya? Mwisho, mdogo wangu aliyeko Nansio, Ukerewe, amegundulika kuwa na kisukari mwezi uliopita, na jirani amemwambia kwamba mambo ya mishipa huja baada ya miaka kumi, hivyo asijisumbue. Mwanawe wa miaka 14 naye anachoma insulini tangu akiwa na miaka sita. Nao niwaambieje?

Mama wa dagaa, Kirumba

JIBU

Mama, shikamoo, na pole sana kwa kazi na kwa maradhi. Maswali yako nitayajibu yote, lakini jambo lililo la haraka kuliko yote hukuliuliza, nalo ni kidonda chenyewe. Msumari ulioingia kwenye wayo wa mtu mwenye kisukari, ukakaa humo kutwa ndani ya ndala inayokanyaga maji machafu, si wa kuoshwa kwa maji ya chumvi nyumbani, na uvimbe ulioanza pembeni unatosha kukupeleka kituo cha afya leo hii, bila kungoja tarehe yako ya kliniki. Mweleze mhudumu mambo matatu kwa pamoja: kwamba una kisukari, kwamba msumari ulizama bila wewe kuusikia, na kwamba sasa panavimba. Atakifungua kidonda na kukisafisha, ataangalia kina chake, ataamua kuhusu antibayotiki na chanjo ya pepopunda, na akiona kwamba maambukizi yameingia ndani atakuandikia rufaa kwenda hospitali ya Sekou Toure au ya Bugando. Mpaka hapo, usiukanyagie mguu huo zaidi ya inavyolazimu, na usiuloweke.

Kwa ngozi yetu wekundu hauonekani upesi, kwa hiyo usitegemee macho pekee. Binti yako aweke mgongo wa mkono wake juu ya mguu mmoja, kisha juu ya mwingine. Mguu wenye msumari ukiwa na joto kuliko mwenzake, au ukianza kutoa harufu au usaha, au ngozi ikigeuka kuwa nyeusi, au homa na sukari vikipanda bila sababu unayoijua, mnakwenda hospitali usiku huo huo. Donda ndugu, ambalo wengi wetu tumeliona likimaliza miguu ya wazee wetu, mara nyingi huanza kwa jeraha dogo la namna hii ambalo mwenyewe hakulisikia.

Sasa nije kwenye kupona. Neva, yaani hiyo mishipa ya fahamu, zinazoleta hisia kutoka vidole vya miguu hadi uti wa mgongo ndizo ndefu kuliko zote mwilini, zikikaribia mita moja kwa mtu mzima, na sukari inapokaa juu kwa miaka mingi huziharibu zenyewe pamoja na vijishipa vya damu vinavyozilisha. Kwa sababu ya urefu huo madhara huanzia vidoleni, yakapanda taratibu hadi kwenye nyayo na vifundo, na mara nyingi huwa yamekaribia magoti ndipo mikono nayo inapoanza kufa ganzi. Neva inapokuwa inaumia hutuma taarifa ovyo hata pasipo kitu kilichoigusa, na taarifa hizo ndizo ule moto wa usiku. Ikishakufa haitumi lolote. Wavuvi wa dagaa waliotumia karabai wanajua kwamba taa ile ikiacha kuvuma katikati ya ziwa si kwamba imetulia, bali mafuta yamekwisha. Yawezekana maumivu yako yalipungua kwa sababu nzuri, kwa maana wapo ambao sukari yao ikitengemaa moto hupoa. Hata hivyo, mtu aliyepona angeusikia msumari. Wewe hukuusikia, na kwa hiyo, mpaka kipimo kituonyeshe vinginevyo, nitakuchukulia kuwa mtu aliyepoteza hisia ya kujikinga, yaani ile inayomjulisha mtu kwamba mguu unaumizwa.

Simlaumu shemeji yako, ambaye alitafuta msaada kwa njia aliyoijua, wala sitabishana kuhusu kutegewa. Lakini maji ya moto naomba uyaache kabisa. Nyayo zilizokufa ganzi haziwezi kukuambia kwamba maji yanaunguza, na malengelenge ya kuungua kwenye mguu wa namna hiyo ni mlango mwingine wa kidonda.

Kuhusu haja ya kumpima mtu asiyeumwa, jibu ni kwamba huyo ndiye hasa anayekusudiwa. Miongozo ya tiba ya kisukari inakadiria kwamba hadi nusu ya watu wenye madhara ya neva za miguuni hawana dalili yoyote wanayoihisi. Anayewaka moto usiku atakwenda hospitali mwenyewe, kwa sababu usingizi utamkimbia. Asiyehisi kitu hana kinachompeleka, na ndiye anayekanyaga misumari. Uchunguzi huu umewekwa kufanyika angalau mara moja kila mwaka, umwe au usiumwe, kwa sababu hiyo.

Kipimo chenyewe ni chepesi kuliko unavyodhani. Hakihitaji umeme wala kompyuta, na hakiumi. Utavua viatu na soksi, na mhudumu ataanza kwa kuangalia: ngozi kavu iliyopasuka, sugu, kucha zilizoingia nyamani, fangasi katikati ya vidole, vidole vilivyojikunja, na mguu uliobadilika umbo. Kisha atachukua uzi mfupi wa nailoni uliofungwa kwenye mpini, unaoitwa monofilamenti, ambao umetengenezwa ujipinde unaposukumwa kwa nguvu ya gramu 10 na si zaidi. Kwanza ataugusisha mkononi mwako ili ujue ulivyo, halafu utafumba macho, naye ataugusisha chini ya kidole gumba na kwenye sehemu za mbele za wayo zinazobeba uzito, akiikwepa sugu, kwa muda usiozidi sekunde mbili kila mahali. Anayejua kazi yake hataishia kukuuliza "Unasikia?" kila anapogusa, kwa sababu mtu mwenye adabu atajibu "Ndiyo" mpaka mwisho. Kila mahali atagusa mara mbili, na mara moja atajifanya kugusa huku hajagusa, akikuuliza kama umehisi na ni wapi. Ukijibu sawasawa mara mbili kati ya tatu, hisia ya kujikinga ipo mahali hapo.

(Uzi huo ni wa jamaa moja na mshipi wa kuvulia samaki, na najua kwamba kwa watu wa mwaloni wazo la kukata kipande na kujipima litakuja haraka. Lisikushawishi: unene na urefu visipopimwa, uzi hautajipinda kwenye gramu 10, na majibu yatakudanganya. Hata uzi halisi huchoka ukitumiwa kwa watu wengi mfululizo, ukahitaji kupumzishwa hadi kesho yake.)

Monofilamenti peke yake haitoshi, kwa sababu hupima neva nene zinazobeba mguso, ilhali maumivu na joto husafiri kwa neva nyembamba, ambazo mara nyingi ndizo zinazotangulia kuumia. Kwa hiyo mhudumu ataongeza angalau kipimo kimoja kingine. Anaweza kukugusa kwa kitu chenye ncha ili uonyeshe kama unatofautisha ncha na ubutu, au kwa kitu cha baridi na cha vuguvugu. Anaweza pia kugonga chuma chenye meno mawili kinachotetemeka mara 128 kwa sekunde, akakisimamisha kwenye mfupa wa kidole gumba na kukutaka useme mtetemo unapokwisha, au akagonga nyuma ya kifundo kuona kama mguu unaruka. Atamalizia kwa kupapasa mapigo ya damu juu ya wayo na nyuma ya kifundo cha ndani, kwa kuwa neva zilizokufa pamoja na damu isiyofika ni hatari maradufu. Yote haya ni kazi ya dakika chache. Vile vipimo vya kupitisha umeme kwenye neva vipo, lakini wagonjwa wengi wa kisukari hawavihitaji. Huitishwa pale hali inapokwenda kinyume na kawaida, kwa mfano ganzi ikiwa upande mmoja tu, au misuli ikilegea ghafla.

Kipo pia kipimo ambacho binti yako anaweza kukufanyia nyumbani, kilichobuniwa na madaktari wa mji wa Ipswich, Uingereza, na kutangazwa mwaka 2011. Ulale chali na ufumbe macho, naye aguse kwa ncha ya kidole chake cha shahada, kwa wepesi na kwa sekunde moja au mbili, ncha ya kidole gumba, cha katikati na cha mwisho vya kila mguu, vyote sita, bila kupapasa, bila kubonyeza na bila kurudia palipokosewa. Wewe utasema tu "kulia" au "kushoto" kila unapohisi. Ukishindwa kuhisi vidole viwili au zaidi, hisia imepungua na unahitaji uchunguzi kamili. Kwako wewe matokeo mazuri ya nyumbani hayafuti safari ya hospitali, kwani msumari umekwisha kutoa jibu lake, lakini kwa jamaa wengine wenye kisukari katika familia hiki ni kipimo cha bure ambacho hakina kisingizio.

Hili la kliniki kutokukuvulisha viatu linaniudhi, ingawa naelewa linavyotokea. Foleni ni ndefu, muuguzi ni mmoja, na namba ya sukari inaonekana kuwa jibu lililokamilika. Kidole kilichotobolewa hueleza sukari ya asubuhi hiyo tu. Hakijui lolote kuhusu nyayo, na kunyamaza kwa mhudumu ambaye hajaangalia hakuwezi kuhesabiwa kuwa ni jibu. Dawa ya jambo hili iko mikononi mwako kuliko unavyofikiri. Ukikaribia kuitwa, vua viatu na soksi ukiwa bado kwenye benchi, ingia pekupeku, na useme: "Naomba miguu yangu ichunguzwe hisia na mapigo ya damu, na majibu yaandikwe kwenye daftari langu." Ni vigumu sana kwa mhudumu kuipuuza miguu mitupu iliyo mbele yake. Akikosa uzi wa nailoni, mwombe atumie anachonacho au akuandikie rufaa.

Mashine ya kushika chuma haiwezi kuwa imepima neva zako. Madhara ya kisukari huanzia miguuni, na watu wale hawakuigusa miguu yako. Chuma kinachoshikwa kiganjani, kikipima kitu chochote, hupima jinsi ngozi ya kiganja ilivyo na unyevu. Isitoshe neva haizibi kwa asilimia, kwa maana si bomba linalopitisha kitu. Kwa hiyo dozi ya pili usinunue. Iliyobaki ya kwanza ichukue na kopo lake umwonyeshe daktari, kwa sababu bidhaa nyingi za namna hiyo zimejazwa vitamini B6, na vitamini hiyo ikitumiwa kwa kiwango kikubwa kwa muda mrefu huharibu neva zile zile inazodaiwa kuzitibu.

Ipo, hata hivyo, vitamini moja inayostahili kuulizwa kwa dhati. Metfomini ni dawa nzuri na usiiache, lakini ikitumiwa kwa miaka mingi inaweza kupunguza uwezo wa mwili kufyonza vitamini B12 kutoka kwenye chakula, hata kwa mtu anayekula samaki kila siku, na upungufu wa B12 huleta ganzi inayofanana kabisa na ya kisukari. Kwa mtu mwenye miaka saba ya vidonge na miguu isiyohisi, ni haki yako kuuliza kama kipimo cha damu cha B12 kinapatikana, kwa sababu upungufu huo unatibika. Daktari atakuuliza pia kuhusu pombe, VVU na dawa zake za zamani, dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi, ukoma, figo na tezi ya shingo. Asikuudhi kwa maswali hayo. Si kila ganzi ya mwenye kisukari inatokana na kisukari.

Usitarajie kwamba baada ya kupimwa kuna kidonge kitakachorudisha hisia zilizokwisha kupotea, maana hakipo. Amitriptilini, gabapentini na duloksetini hupunguza maumivu kwa wale wanaowaka moto, na hutolewa kwa maelekezo ya daktari, lakini hazifufui neva. Diklofenaki za duka la dawa hazifai kabisa kwa maumivu haya, na huumiza figo ambazo kisukari tayari kimezilenga. Kinachobadilika baada ya kipimo ni ulinzi. Asiye na tatizo lolote huangaliwa kila mwaka. Aliyepoteza hisia, kila miezi sita hadi kumi na miwili. Aliyepoteza hisia na pia ana hitilafu ya umbo la mguu au ya mzunguko wa damu, kila miezi mitatu hadi sita. Na aliyewahi kupata kidonda cha mguu, kila mwezi mmoja hadi mitatu. Kidonda chako kikitibiwa na hisia zikithibitika kupotea, ningetaka uwekwe kwenye kundi hili la mwisho. Sukari yenyewe ipimwe kwa kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu, na kwa watu wengi lengo huwa chini ya asilimia 7.

Kazi yako ya dagaa huna haja ya kuiacha, lakini namna ya kuifanya itabidi ibadilike. Ndala na yeboyebo ziishe. Tafuta kiatu kilichofunika vidole, chenye soli nene na nafasi ya kutosha mbele, na kila asubuhi kabla ya kukivaa kikung'ute na uingize mkono ndani. Mchanga na mawe ya kuanikia dagaa saa saba mchana huunguza, kwa hiyo usiyakanyage pekupeku hata kwa hatua tatu. Jioni osha miguu kwa maji ya kawaida, kausha katikati ya vidole, paka mafuta ya mgando kwenye nyayo na visigino lakini si katikati ya vidole, kisha mjukuu mwenye macho makali azikague nyayo. Sugu isikatwe kwa wembe. Na kama unahifadhi magunia ya dagaa ndani ya nyumba unamolala, yahamishe: mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam waliandika kuhusu wagonjwa wa kisukari waliong'atwa miguu na panya wakiwa usingizini bila kuamka, na hakuna kinachowaita panya kama gunia la dagaa. Chandarua kikiwa kimechomekwa vizuri chini ya godoro kitakukinga na mbu na panya kwa pamoja.

Kizunguzungu cha alfajiri kinaweza kuhusiana na haya, kwa sababu zipo neva zinazoendesha mambo tusiyoyaamuru, kama presha, mapigo ya moyo, jasho na tumbo, nazo pia huathiriwa na kisukari. Hata ukavu wa nyayo unatokana na neva za jasho. Omba upimwe presha ukiwa umelala kwa dakika tano, halafu upimwe tena dakika ya kwanza na ya tatu baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, tatizo lipo na daktari atapitia dawa zako, hasa za presha. Wakati huo huo inuka kwa hatua, ukikaa kwanza ukingoni mwa kitanda, na ujipime sukari siku kinapokushika, kwani sukari iliyoshuka nayo huleta kizunguzungu.

Mdogo wako wa Nansio asimsikilize jirani. Kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho huwapata watu wazima wengi, kinaweza kukaa mwilini kwa miaka kadhaa kabla ya kugundulika, kwa hiyo mwezi mmoja wa kugundulika si mwezi mmoja wa kuugua, na miguu yake inapaswa kuchunguzwa sasa hivi kisha kila mwaka. Jirani ana chembe ya ukweli kwa upande wa mtoto tu: kisukari cha aina ya kwanza, kinachohitaji insulini tangu mwanzo, hujitokeza kwa haraka zaidi, na uchunguzi wa neva huanza miaka mitano baada ya kugundulika. Huyu ana miaka minane tangu aanze sindano, kwa hiyo muda wake umekwisha kupita. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliotangazwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba wagonjwa wa aina hiyo wanaodhibiti sukari kwa makini hupunguza hatari ya madhara ya neva kwa takribani asilimia 60, jambo ambalo kwa kijana wa miaka 14 ni kubwa kuliko lilivyo kwa watu wa aina ya pili, ambao faida hiyo kwao ipo lakini ni ndogo zaidi. Hawana haja ya kuvuka ziwa kwa ajili hiyo. Waanzie hospitali ya wilaya pale Nansio, na siku hiyo hiyo waombe wachunguzwe macho na mkojo, kwa sababu vipimo hivyo navyo hufuata ratiba hiyo hiyo.